Utakuwa Wapi Siku Hiyo?

(Maneno ya Afisa Mawasiliano wa Halmashauri mbele ya kikao cha watendaji wa kata na vijiji, wauguzi wafawidhi wa zahanati na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Yanachapishwa hapa kwa ombi la wajumbe wa kikao hicho.)

  

Kwa desturi mimi huitwa katika vikao hivi nikiwa na kamera begani, nikae pembeni, niandike. Leo nimekabidhiwa kipaza sauti, nami nakiri kwamba sababu ya kukabidhiwa haikunifurahisha sana. Katika kikao kilichopita ilisemwa hivi: wananchi hawaji kliniki katika siku walizoandikiwa, Afisa Mawasiliano awaelimishe, wakikaidi, itungwe sheria ndogo, watozwe faini. Nimeombwa nitekeleze sehemu ya kwanza. Naomba ruhusa yenu niguse na ile ya pili, kwa maana naona sehemu hizo mbili zimefungwa kwa kamba moja.

Nianzie mbali kidogo. Mwaka 2019 mamlaka ya huduma za afya za umma ya Uingereza ilitangaza kwamba katika vituo vya madaktari wa familia, zaidi ya miadi milioni 15 kila mwaka hupotea bure: mgonjwa amepangiwa, hakutokea, wala hakutoa taarifa. Kati ya hiyo, miadi kama milioni 7.2 ilikuwa ya kuonana na daktari mwenyewe, na hasara yake ilikadiriwa kupita pauni milioni 216. Hesabu yao ni nyepesi kuifuata. Dakika za daktari zina bei, mgonjwa alitengewa dakika hizo, hakuja, bei imekwenda na maji.

Kwetu hesabu hiyo haishiki. Hakuna mgonjwa katika zahanati zetu aliyepangiwa saa nne na dakika kumi. Hupewa siku, si saa. Hudamka alfajiri, akawahi benchi, akasogea kadiri wenzake wanavyosogea. Ikiwa watano hawakuja, foleni imepungua, na muuguzi ambaye yuko peke yake tangu asubuhi, anayepima uzito kwa mkono mmoja na kuandika rejista kwa mkono wa pili, humshukuru Mungu kimoyomoyo. Anayechungulia mlangoni ataona nafuu, hataona hasara. Nadhani ndiyo maana suala hili halijawahi kutushughulisha sana: gharama yake haikai pale tunapoitazama. Imejificha kwenye jokofu la chanjo, kwenye fomu ya kuagizia dawa, na kwenye kitanda cha ndani ya nyumba ya mtu.

Tuanze na jokofu. Chanjo ya surua na rubella, ambayo mtoto hupewa akitimiza miezi tisa na tena akitimiza miezi kumi na minane, huja katika kichupa chenye dozi 10. Ni unga mkavu. Muuguzi akishauchanganya na maji yake, ana saa sita tu. Zikipita, kilichobaki hutupwa. Chanjo ya kuzuia kifua kikuu, ile inayoacha alama begani, kichupa chake kina dozi 20, na sharti lake ni hilo hilo la saa sita. Sasa chukulieni kwamba leo ni siku ya chanjo, walioandikiwa ni watoto kumi, na amekuja mmoja. Muuguzi afanye nini? Akifungua, anatupa dozi tisa. Asipofungua, anamwambia mama arudi wiki ijayo, wenzake watakapokuwa wamefika.

Wataalamu wanaelekeza kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, na mwelekeo huo ni sahihi, kwa kuwa dozi tisa zilizomwagwa ni nafuu kuliko mtoto mmoja aliyeugua surua. Lakini muuguzi anayejua kwamba jokofu lake limebakiwa na vichupa viwili, na gari la chanjo halijulikani litafika lini, husita. Mimi simlaumu. Ninachotaka mkione ni kwamba mama aliyekuja, aliyetimiza kila tulichomwagiza, ndiye anayelipa gharama ya wale tisa. Alitembea, alikuja kwa tarehe yake, na amerudishwa. Wiki ijayo mkimkosa, rejista itamwandika yeye kuwa hakuhudhuria.

Siku ya kliniki, ndugu zangu, huwa na mizigo mingi kuliko ile iliyoandikwa kwenye kadi. Na jambo hili halikugunduliwa Ulaya. Liligunduliwa hapa hapa Ifakara. Mnaifahamu Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo mizizi yake ni ya miaka ya 1950. Mwaka 2001 watafiti wake na wenzao walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya jaribio lililofanyika kwa watoto wachanga wa mji huu. Walijiuliza swali la kawaida kabisa: huyu mtoto anayeletwa kuchomwa sindano akiwa na umri wa miezi miwili, mitatu na tisa, je, akipewa siku hiyo hiyo dozi ya dawa ya malaria iitwayo SP, itamsaidia? Ilimsaidia. Malaria ya kuugua ilipungua kwa asilimia 59 katika mwaka wa kwanza wa maisha yao, na upungufu mkubwa wa damu ukapungua kwa nusu. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likalipendekeza jambo hilo kwa nchi za Afrika zenye malaria nyingi. Hakikujengwa kituo kipya, wala hakikununuliwa chombo kipya. Kilichotumika ni siku ambayo mama angekuja hata hivyo. Basi mama asipokuja, huenda na chanjo, na uzito wa mtoto usiopimwa, na macho ya muuguzi ambayo yangeona kwamba shavu la mtoto limekuwa jeupe.

Sasa niende kwenye fomu. Hili nilielezwa na mtunza stoo mmoja, nami nilimrudisha mara tatu ili nielewe. Zahanati huagiza dawa Bohari ya Dawa kwa kutazama matumizi ya kipindi kilichopita. Mkitumia nyingi, mnaagiza nyingi. Mkitumia kidogo, mnaagiza kidogo. Utaratibu huo ni wa busara mahali ambapo watu wanakaa. Lakini sisi ni watu wa Bonde la Kilombero. Masika watu wapo mashambani; wagonjwa wa shinikizo la damu, wa kisukari, wa kifafa, hawaonekani; dawa zao zinabaki kabatini; fomu inasema matumizi yameshuka; oda inapunguzwa. Mpunga ukishavunwa, watu wote wanarejea nyumbani ndani ya wiki chache, na kabati sasa lina dawa za wachache. Mgonjwa aliyefika mwezi wa saba anaambiwa dawa zimekwisha. Anaondoka na neno moja moyoni: kumbe hata ukienda hupati. Mara nyingine hataandikwa tena, kwa kuwa hatakuja tena.

Nchi yetu ina historia katika jambo hili, na inafaa tuikumbuke kabla hatujaanza kunyoosheana vidole. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na daktari mmoja mzaliwa wa Chekoslovakia, Karel Styblo, alifanya kazi hapa Tanzania na wataalamu wetu kuuimarisha. Dawa za kifua kikuu zilikuwapo. Tatizo lilikuwa kwamba mgonjwa akipata nafuu katika wiki za mwanzo huona amepona, akaacha, na ugonjwa ukarudi ukiwa mkaidi zaidi. Styblo na wenzake wakaweka utaratibu wa kuhesabu: kila robo mwaka, kila wilaya ieleze, katika wale walioanza dawa, wangapi wamemaliza, wangapi wamefariki, wangapi wamehama, na wangapi hawajulikani walipo. Safu hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa na thamani kubwa, kwa sababu kabla ya hapo hakuna aliyeulizwa habari zao. Utaratibu uliokomaa hapa Tanzania ukawa miongoni mwa misingi ya mkakati ambao Shirika la Afya Duniani liliutangazia ulimwengu katika miaka ya 1990. Sisi ndio tuliosaidia kuufundisha ulimwengu kuhesabu wasiorudi.

Na kwa kifua kikuu bei ya kutorudi inaonekana bila miwani. Ugonjwa wa kawaida hutibika kwa miezi sita, kwa dawa zisizolipiwa. Ukigeuka kuwa sugu, mambo ni mengine. Matibabu ya kifua kikuu sugu yalipoanza nchini mwaka 2009, mahali pa kuyapata palikuwa Hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro. Mgonjwa alitoka kwao, akaacha shamba na watoto, akatumia dawa na sindano kwa muda uliokaribia miaka miwili, nyingine zikiwa na hatari ya kuharibu usikivu wake. Siku hizi matibabu yamefupishwa na kusogezwa karibu, lakini bado hayalingani na ile miezi sita ya mwanzo, kwa gharama wala kwa mateso.

Hapo ndipo ilipo hasara, na ni kubwa. Kwa hiyo sikuja kuwaambieni kwamba kukosa kliniki ni jambo dogo.

Nimekuja kukiri kosa langu. Miaka michache iliyopita, nikiwa mgeni katika kazi hii na nikiwa na imani kubwa mno na herufi kubwa, nilitengeneza bango. Liliandikwa kwa wino mwekundu: KUKOSA KLINIKI NI UZEMBE. Chini yake nikaweka picha ya benchi tupu. Lilibandikwa kwenye mbao za matangazo za ofisi za vijiji na kwenye kuta za zahanati, na mimi nikalipiga picha na kuliweka katika taarifa ya robo mwaka kama mafanikio ya kitengo.

Siku moja nikiwa kijijini kwa shughuli nyingine, nilimkuta mama mmoja amesimama mbele ya bango lile, mjukuu mgongoni. Nikamsalimu, "Shikamoo mama." Akaitikia, kisha akaniuliza kama ni mimi niliyeandika. Nikasema ndiyo, tena kwa fahari. Akasema, "Umeandika vizuri, mwanangu. Lakini hii tarehe, aliyeniandikia hakuniuliza." Akatoa kadi iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Tarehe ilikuwa imeandikwa kwa usafi. Ilikuwa katikati ya wiki ambazo mpunga wake ulikuwa umekomaa na ndege wameshuka. "Siku hiyo mimi nilikuwa kule," akasema, akinyoosha mkono upande wa mto. "Ningemwachia nani dungu?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina zuri.

Wajumbe wengi mliomo humu ni wenyeji, hamhitaji kuelezwa habari za shamba. Lakini baadhi ya watumishi wetu wametoka mikoa mingine, na nitasema kwa ajili yao. Nyumba ya familia ipo kijijini, kando ya barabara au reli. Shamba la mpunga lipo bondeni, pengine mwendo wa saa nyingi. Mvua zikianza familia huhama. Hujenga kibanda, hulima kwa jembe au kwa pawatila ya kukodi, hupanda, hupalilia, kisha huamia ndege na kulinda nguruwe pori usiku. Wanaweza kukaa huko wiki kadhaa, wengine miezi. Watafiti wa hapa Ifakara wameliandikia sana jambo hili kwa habari ya malaria, maana mtoto akipata homa akiwa kule, duka la dawa na zahanati viko mbali. Ongezeni maji. Masika njia huwa tope, vijito hufurika, na bodaboda inayokubali kwenda hutaja bei ambayo huna. Kwa ndugu zetu wa ng'ambo ya Mto Kilombero, Daraja la Magufuli lenye urefu wa mita 384, lililozinduliwa mwaka 2018, limeondoa adha ya kivuko. Lakini daraja halimtoi mtu bondeni kumfikisha barabarani.

Dawa ni bure, tunasema, kwa nini hawaji? Chanjo ni bure, dawa za kifua kikuu ni bure, za kufubaza VVU ni bure. Ni kweli. Lakini hebu tufanye hesabu ya mama yule. Nauli ya kwenda na kurudi. Chakula cha siku. Kibarua wa kumshikia dungu, kama anapatikana. Asipopatikana, sehemu ya mpunga itakayoliwa na ndege kwa siku mbili, na mpunga ule ndio ada, ndio sare, ndio chakula hadi msimu ujao. Mama yule hakuwa mzembe. Alipiga hesabu, akachagua, na ningelikuwa mimi ningechagua alivyochagua.

Na kuchagua huko kuna siku huua. Nilikuwa na baba mdogo, mkulima hodari, aliyekuwa na shinikizo la damu. Aliandikiwa arudi kila mwezi. Msimu mmoja alikosa mara mbili mfululizo. Dawa zilimwishia akiwa shambani, akaona hana maumivu yoyote, akasema atakwenda akishavuna. Shinikizo la damu, kama mjuavyo, haliumi. Alianguka ndani ya jaruba asubuhi, akabebwa kwa machela ya miti hadi barabarani. Hakufa siku ile. Alilala miaka mitatu, upande wa kulia haufanyi kazi, na binti yake aliyekuwa kidato cha pili akaacha shule ili amgeuze, amlishe, amsafishe. Gharama ya binti huyo haipo katika kitabu chochote cha Halmashauri. Nimeitafuta.

Sasa nije kwenye faini, kwa heshima zote kwa mjumbe aliyeipendekeza, ambaye najua ana uchungu na watu wa kata yake.

Wazo hilo si letu peke yetu. Mwaka 2022 mwanasiasa wa Uingereza aliyekuwa akiwania uwaziri mkuu, Rishi Sunak, aliahidi faini ya pauni 10 kwa mgonjwa anayekosa miadi. Alipoupata uwaziri mkuu, mwaka huo huo, aliliacha. Madaktari wenyewe walikuwa miongoni mwa waliolipinga. Na hiyo ni nchi ambayo mgonjwa ana anwani, ana barua pepe, na basi linapita mlangoni.

Nasi tuna uzoefu wa nyumbani. Katika vijiji vingi vya nchi hii zimewahi kutumika faini kwa mama anayejifungulia nyumbani. Nia ilikuwa njema. Lakini wauguzi mliomo humu mnajua kinachofuata: mama amejifungulia njiani au shambani, hana fedha ya faini, basi hamleti mtoto kliniki kabisa, maana akimleta ataulizwa kadi na atadaiwa. Tulitaka kumvuta mama mlangoni, tukamfanya aogope mlango. Faini ya kukosa kliniki itazaa hivyo hivyo. Aliyekosa mara moja kwa sababu ya mafuriko atakosa mara ya pili kwa sababu ya faini, na wa mara ya pili hatarudi. Tutakusanya shilingi kadhaa na kupoteza mgonjwa.

Lipo pia neno ambalo ningeomba tuliache, nalo ni "watoro". Linatumika katika mazungumzo yetu, nimelikuta hata katika taarifa. Mtoro ni mwanafunzi aliyeruka ukuta. Mgonjwa aliyepo jarubani hajaruka ukuta wowote. Na nawasihi ndugu watendaji, msisome majina ya waliokosa kliniki katika mikutano ya hadhara. Mnapotaja kwamba fulani hakwenda kliniki ya Jumanne, na kijiji kizima kinajua Jumanne ni kliniki ya nini, mmekwisha kumwanika. Ufuatiliaji ni kazi ya mhudumu wa afya, na hufanywa kwa sauti ya chini.

Ufuatiliaji wa namna gani basi? Kuna mfano kutoka kwa majirani zetu wa Kenya ambao huwa naupenda, na sitaficha kwamba naupenda kwa sababu ni wa maneno. Kati ya mwaka 2007 na 2009, katika vituo vitatu nchini humo, wagonjwa 538 walioanza dawa za kufubaza VVU waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilihudumiwa kama kawaida. Kundi la pili, kila mwanzo wa wiki, lilitumiwa na muuguzi ujumbe mfupi wa simu wenye neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, "Sawa" au "Shida". Aliyejibu shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu. Basi. Hakukuwa na onyo, wala kumkumbusha mtu kumeza dawa. Waliozingatia dawa katika kundi la kawaida walikuwa asilimia 50, katika kundi la "Mambo?" walikuwa asilimia 62, na waliofanikiwa kushusha virusi walikuwa asilimia 48 dhidi ya 57. Tofauti hiyo imeletwa na swali. Bango langu halikuwa na swali hata moja.

Najua simu hazishiki kila mahali bondeni, na namba hubadilishwa kama shati. Kwa hiyo ninayoyaomba leo hayategemei mtandao, na mengi hayahitaji bajeti.

La kwanza ni kwenu wauguzi. Kabla ya kuandika tarehe ya kurudi, ulizeni: mama, baba, utakuwa wapi siku hiyo? Akisema atakuwa shamba, muulizeni shamba liko upande wa kijiji gani, na nani wa huko anaweza kumfikishia ujumbe. Andikeni jibu hilo kwenye rejista, pembeni mwa jina. Akisema hawezi siku hiyo, mpeni siku anayoiweza. Itachukua nusu dakika, nami nafahamu kwamba nusu dakika mara wagonjwa sitini ni nusu saa, na kwamba mpo wachache. Sina la kulifanyia upungufu huo isipokuwa kuusema mbele ya Waheshimiwa Madiwani, na nimeusema.

Kwa Mganga Mkuu na timu yake, nina ombi. Mgonjwa wa VVU aliyetulia katika dawa zake leo anaweza kupewa za miezi mitatu, hata sita. Hatua hiyo ilitokana na kutambua kwamba mtu ana maisha mengine nje ya kliniki. Bonde hili ni mahali ambapo wagonjwa wa VVU wa Kilombero na Ulanga wamefuatiliwa kwa karibu na Kliniki ya Magonjwa Sugu ya Ifakara tangu mwaka 2005, basi tuna walimu wa karibu. Lakini mgonjwa wa shinikizo la damu, mwenye vidonge vya bei nafuu, aghalabu huandikiwa arudi kila baada ya siku 30, masika na kiangazi. Baba mdogo wangu angepewa vidonge vya msimu mzima, sijui ingekuwaje. Naomba suala hilo lijadiliwe na wataalamu, pamoja na fomu ya kuagizia dawa: oda ya mwezi wa sita isitazame matumizi ya mwezi wa nne, itazame wanaorejea.

Huduma za mkoba nazo zina ratiba inayofuata vijiji, na masika vijiji ni vitupu. Wenyeviti wa vitongoji ndio mnaojua watu wapo wapi. Kabla ya mvua kuanza, kila mtendaji atuletee orodha ya maeneo ya mashamba yenye familia nyingi, na njia ipi hupitika, kwa miguu, kwa pikipiki au kwa mtumbwi. Watoto kumi wakiwa mahali pamoja, kichupa kimoja cha chanjo kinatosha, hakitupwi hata tone.

Kwa upande wa Kitengo chetu, yale mabango mekundu yanaondolewa. Naomba watendaji mnaporudi vijijini myabandue bila kuyachana na kuyaleta ofisini kwangu kabla ya mwisho wa mwezi. Upande wa nyuma ni mweupe na karatasi yake ni nzito. Tutayatumia kuandikia ratiba ya huduma za mkoba za masika, kwa kalamu ya wino mzito, na nafasi ya tarehe tutaiacha wazi mpaka orodha zenu zifike.